Waya Nne Pembeni mwa Barua

Bungoma,
6 Agosti 2006

Kwa Agneta,

Pokea salamu zangu. Mimi ni Zachary Ngige, baba yake Kagwe. Tulionana siku ya mazishi yake kule Kibomet. Wewe ndiwe uliyekuwa unazunguka na birika la chai na hukukaa chini mpaka watu wakaisha. Kagwe alikutaja kwenye barua zake mara nyingi, ati mnasoma darasa moja pale chuoni na unamshinda hesabu. Anwani yenu ya Kimilili nimeipata kwenye jalada la daftari lake.

Niliachia shule darasa la sita na mkono wangu umezoea sululu, kwa hivyo uvumilie mwandiko.

Baada ya mazishi nilirudi huku kazini na ile bodi yake ya umeme aliyokuwa anaitengeneza. Sikumwomba mama yake, nilimwambia tu naichukua. Inaenea kwenye kiganja changu, na katikati ina chipu moja nyeusi yenye miguu mingi kama jongoo. Naiweka ndani ya mkebe wa majani chai isipate vumbi. Daftari lake pia ninalo. Nimelisoma kila siku nikitoka kazini, mwezi mzima. Nusu ni Kiingereza na nusu ni michoro. Nilichoelewa ni hiki: alitaka kuiunganisha bodi na kadi ya mtandao, ile inayotolewa ndani ya kompyuta kuukuu, ili kompyuta nyingine iiite kwa waya nayo ijibu kwamba ipo. Basi. Kuitwa na kujibu.

Kadi hiyo aliniomba mimi. Hapa tunachimba mitaro ya kupitisha waya za mtandao, na wenye ofisi walikuwa wametupa kompyuta za zamani nyuma ya choo. Mwezi wa tano aliniandikia nimwokotee kadi moja. Niliiokota siku ile ile, nikaifunga kwa gazeti, nikasema nitaipeleka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi sikwenda. Siku ya mazishi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Mpaka leo iko ndani ya gazeti hilo.

Sasa shida yangu. Kwenye daftari, pale pa kuunganisha, Kagwe ameandika hivi: "Waya zote 22, tazama nyuma ya barua ya Baba ya tarehe 2 Aprili." Barua hiyo sina, nilimtumia yeye. Na nilichoandika humo sikumbuki, maana nilikuwa namwandikia kila baada ya wiki mbili. Nilimuuliza mama yake kwa barua. Akajibu hajaiona.

Mimi na yeye hatuandikiani tena. Nakueleza sababu mimi mwenyewe usije ukaisikia kwa watu. Mtoto aliugua siku tisa. Siku tisa, Agneta, na Kibomet si ng'ambo. Nyapara wetu Wekoye ana simu, na namba yake imeandikwa kwa mkaa ukutani jikoni kwetu. Hakuna aliyenipigia. Nilikuwa ndani ya mtaro ile Alhamisi ya tarehe kumi na tano Juni nikamwona Wekoye anakuja na simu mkononi, na nilijua kabla sijaipokea. Sijui nilijuaje. Nilimuuliza Mama Kagwe mbele ya watu, mbona hukuniita? Akasema, "Nilikosea." Sijui nitakaaje tena meza moja na mtu aliyemtazama mwanangu akiisha siku tisa na asinyanyue simu.

Kama unajua barua iko wapi, au kama wewe mwenyewe unajua waya zinakwenda wapi, nisaidie. Ningependa nimalize alichoanza. Sina kingine chake.

Ni mimi,
Zachary Ngige


Kimilili,
14 Agosti 2006

Kwa Baba Kagwe,

Salamu nyingi, na pole tena. Nilifurahi kupata barua yako, kisha nikakaa nayo siku tatu kabla ya kujibu.

Nakueleza kidogo kuhusu chipu ili ujue unashika nini. Chipu nyingine huzaliwa na kazi yake: hii ya redio, hii ya saa. Hii ya Kagwe haina kazi. Unaiandikia iwe nini, nayo inakuwa. Umeme ukikatika inasahau yote. Ndiyo maana aliiwekea chipu ndogo pembeni, ya kuikumbusha kila inapoamka. Kazi ya ndani aliimaliza kabla ya kuugua, niliiona kwa macho yangu. Kilichobaki ni waya tu.

Lakini waya hizo huwezi kuzibahatisha, Baba. Yeye ndiye aliyechagua mguu upi wa chipu uongee na mguu upi wa kadi. Tena kadi hiyo ya zamani ina nguvu kuliko bodi, kwa hiyo kila waya lazima upitie kwenye kile kizuizi kidogo chenye mistari ya rangi. Nakutumia ishirini na viwili, nilikuwa navyo. Ukiunganisha bila hivyo, chipu itaungua na hakuna nyingine. Mwalimu mgeni aliyempa alisharudi kwao.

Barua unayoulizia sijui iko wapi. Nitatafuta kwenye vitabu vyangu, huenda nilinakili.

Wako,
Agneta


Kimilili,
14 Agosti 2006

Kwa Mama Kagwe,

Mama, nimetoka kumdanganya mtu mzima. Baba Kagwe ameniandikia. Anaitafuta ile barua ya Aprili, kwa sababu waya zote za bodi ziko nyuma yake. Nimemwambia sijui iko wapi.

Nilikuahidi siku ya mazishi na ninaitunza ahadi. Lakini anasema maneno mazito juu yako, na mimi nilikuwepo. Niliona siku ya tatu ulipovaa viatu uende dukani kwa Kimotho kupiga simu, na Kagwe akaitoa barua ile chini ya mto akakusomea. "Usinipigie kwa simu ya Wekoye ila mtu amekufa." Akacheka, akasema, "Mimi sijafa, Mama. Kaa." Kesho yake ukavaa viatu tena, akakusomea tena. Sote tulidhani ni malaria itakayopita.

Niruhusu nije Kibomet ninakili zile waya. Sitamwonyesha yaliyo mbele.

Ni mimi,
Agneta


Kibomet,
21 Agosti 2006

Agneta mwanangu,

Njoo Jumamosi. Barua iko ndani ya Biblia. Nakili mgongo wake tu, yaliyo mbele uyaache.

Usihuzunike kwa sababu yangu. Mwanamume anaweza kumkasirikia mkewe na bado akaamka asubuhi akaenda kazini. Ngige namjua, tumekaa miaka ishirini na mitatu. Akijua ni kalamu yake mwenyewe, ataingia kwenye ule mtaro wake na hatatoka. Acha anichukie mimi. Mimi niko imara.

Uje na sukari kidogo, yangu imeisha.

Wakonyo


Kimilili,
4 Septemba 2006

Kwa Baba Kagwe,

Nimepata. Ilikuwa kwenye daftari langu la zamani. Nimekuchorea kwa karatasi kubwa: upande wa kushoto ni miguu ya bodi, upande wa kulia ni ya kadi, na kila waya nimeupa namba. Ni kumi na nane. Zile nne za mwisho hazimo katika nakala yangu. Ukimaliza kumi na nane ngoja kwanza, usiguse zile nne mpaka nikuandikie.

Namtuma Jotham, yule wa lori la mahindi, akuletee mkononi isinyeshewe.

Agneta


Bungoma,
19 Novemba 2006

Kwa Agneta,

Nimenyamaza muda mrefu, samahani. Septemba yote mvua ilibomoa mitaro tukawa tunachimba ile ile mara mbili. Halafu mikono. Mtu aliyeshika sululu kwa saa kumi hawezi kushika kitu chembamba kama unywele. Nilijifunza kusubiri Jumapili, mikono ikiwa imepumzika.

Hapa kuna fundi wa mtandao, Festus, kijana wa hapa Bungoma. Mwanzoni nilimpa maji tu. Kisha nikamwomba anifundishe kufunga vichwa vya waya, akacheka, akanifundisha. Sasa zile rangi nane nazijua kwa mpangilio kama Baba Yetu. Nilipomwonyesha bodi aliacha kucheka. Akasema, "Mzee, hii umetoa wapi?" Nikamwambia ni ya kijana wangu. Akaniuliza kijana anafanya kazi wapi. Nikamwambia Kibomet, nyuma ya nyumba, chini ya mti wa parachichi. Tangu siku hiyo ananiachia chuma chake cha kuchomea waya kwa risasi kila Jumamosi nikae nacho mpaka Jumatatu.

Waya kumi na nane zimeshika. Kila moja na kizuizi chake, kama ulivyosema. Umenieleza vizuri ile chipu. Haina kazi yake, inaambiwa kila asubuhi iwe nini, jioni inasahau. Nilimwambia Festus, basi huyu ni kibarua mwenzangu.

Juzi tulitia umeme. Kadi ikawasha taa ya kijani. Nilipiga kelele mpaka wenye nyumba wakatoka. Lakini Festus aliandika kwenye kompyuta yake, akaiita bodi mara nne, na mara nne kompyuta ikasema hakuna aliyejibu. Akanieleza kwamba ile taa inasema waya umeshikana tu, haisemi kama kuna mtu upande wa pili.

Sasa zile nne ziko wapi? Ulisema utaniandikia. Ni miezi miwili. Miguu isiyo na waya imesimama kwenye bodi kama nywele za mtu aliyeogopa.

Mkataba wa Festus unaisha tarehe kumi na tano Desemba, anahamia Nakuru na kompyuta yake na chuma chake. Anasema tunaweza kujaribu kwa kubahatisha, lakini tukikosea, pande mbili zikasukumana kwenye waya mmoja, chipu inaweza kufa. Nimemwambia tutangoja mpaka tarehe kumi na tatu. Baada ya hapo nitabahatisha. Afadhali nijaribu nikose kuliko kuiweka kwenye mkebe maisha yangu yote.

Umeniuliza kupitia kwa Jotham kama nitakwenda nyumbani Krismasi. Hapana. Nimejiandikisha kulinda vifaa hapa wakati wenzangu wanakwenda kwao. Na mwezi wa kwanza wanatafuta watu wa kuchimba huko Garissa, nimetoa jina langu. Niende Kibomet kufanya nini? Kukaa na mtu aliyesema "nilikosea" kama aliyemwaga maziwa? Ningekuwa nimeitwa siku ya kwanza, ningefika jioni. Ningemwona. Hilo ndilo ninaloamka nalo na ndilo ninalolala nalo, Agneta, nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mtu wa kusikiliza. Kama angenyanyua simu, ningemkuta mwanangu yu macho.

Nitafutie hizo waya.

Zachary Ngige

Usiache kuniita Baba Kagwe. Hapa wananiita Mzee wa Sululu.


Kibomet,
27 Novemba 2006

Agneta mwanangu,

Nimesoma barua yake uliyonitumia. Nimeisoma nikiwa shambani nimekaa juu ya gunia, mpaka jua likahama.

Garissa. Sikujua hilo. Nilidhani hasira yake itachoka kama mtu anavyochoka. Kumbe mimi nikikaa kimya naye anazidi kwenda.

Nikwambie jambo ambalo hata wewe hulijui. Siku ya nane, Kagwe alipoacha kututambua na majirani wakawa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, nilikimbia mpaka kwa Kimotho. Nilikuwa na shilingi mkononi. Nilishika simu. Nikafikiri: nikipiga, Ngige atajua ni nini kabla hajaniuliza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sheria. Nikipiga nitakuwa nimesema mtoto amekufa. Na mtoto alikuwa anapumua. Nikaiweka chini. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo nililomwambia mbele ya watu. Sikudanganya.

Mtumie barua. Yote, mbele na nyuma. Nimeitoa kwenye Biblia, imo humu.

Hizo waya nne ulizoshindwa kusoma, atazisoma yeye. Mwandiko wa Kagwe ni wa baba yake. Alimfundisha kuandika kwa mkaa, kwenye ukuta ule ule wa jikoni, kabla hajaanza shule.

Wakonyo


Kimilili,
2 Desemba 2006

Kwa Baba Kagwe,

Jotham atakupa bahasha hii mkononi. Ndani kuna barua yako ya tarehe mbili Aprili. Nilikudanganya. Nilijua tangu mwanzo ilipo, na zile waya kumi na nane nilizinakili kutoka mgongoni mwake, mezani kwenu Kibomet.

Nakuomba usiifungue ukiwa kazini.

Waya nne za mwisho hakupata nafasi ya kuziandika nyuma. Aligeuza karatasi akaziandika mbele, pembeni na katikati ya mistari yako, kwa kalamu ya buluu kama yako. Mle ndani wewe pia uliandika namba nyingi, za mitaro. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia, nimeshindwa. Saba zenu zina mstari katikati, nne zenu ziko wazi juu. Siwezi kujua ipi ni yako na ipi ni yake. Wewe ndiwe utakayejua kipi hukuandika. Lakini itakubidi usome kila neno.

Ukishasoma utaelewa kwa nini hakuna aliyekupigia. Mama alitaka kupiga siku ya tatu. Akataka siku ya nne, na ya tano. Kila mara Kagwe alimsomea barua hii. Hakusoma kwa uchungu, Baba, nilikuwepo. Alisoma kama mtu anayetaja sheria ya nyumba. Alisema Wekoye atakukata siku, na kwamba ukija mwisho wa mwezi atakuwa amesimama.

Mama ndiye aliyetaka usijue. Alisema acha umchukie yeye.

Nisamehe kwa sehemu yangu.

Agneta


Bungoma,
2 Aprili 2006

Kwa mwanangu Kagwe,

Nimepata salamu zako. Mimi mzima ila mgongo.

Nataka tuelewane jambo moja. Wiki iliyopita ulipiga simu ya Wekoye mara mbili. Jumatatu niliitwa kutoka kwenye mtaro nikakimbia mita 60 na matope miguuni nikidhani nyumba imeungua, kumbe ni wewe, ati Baba, taa imewaka. Taa imewaka ni habari ya kumwita mtu kazini? Jumatano tena, ati sasa taa inazimika na kuwaka yenyewe. Wekoye amenikata nusu siku na wenzangu wamenicheka, wananiuliza kama kwetu taa hatujawahi kuona.

Hapa tumepewa mita 45 kwa watu 7. Tumechimba 31. Kina ni futi 4. Asiyemaliza anaondolewa, na nje ya geti wamesimama watu 20 wanangoja nafasi yake.

Kwa hivyo nasema mara moja na sitarudia. Usinipigie kwa simu ya Wekoye ila mtu amekufa. Mengine yote andika barua, nitasoma Jumapili.

Soma kwa bidii. Msalimie mama yako.

Ni mimi baba yako,
Z. Ngige


Bungoma,
14 Desemba 2006

Kwa Agneta,

Sikuifungua kazini. Niliifungua Jumapili tarehe kumi, asubuhi, nimekaa kitandani.

Niliujua mwandiko kabla sijasoma. Nilisoma mpaka pale pa simu, nikaifunga. Nikatoka nje nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nikarudi nikasoma tena. Uliniandikia kwamba itabidi nisome kila neno, na ndivyo ilivyokuwa. Ukitafuta namba ambazo si zako, lazima kwanza uzitambue zako, na hakuna namba pale isiyokuwa na neno langu pembeni. Nilikumbuka siku yenyewe. Nilikumbuka nilikuwa nimekaa juu ya toroli, nikiandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Tundu bado liko, karibu na neno "amekufa". Kagwe alipitisha mshale wake pembeni mwa hilo tundu ili usikatike.

60 ilikuwa yangu. 45, 7 na 31 ni zangu. Kina 4, watu 20, zangu. Karibu na "taa imewaka" kulikuwa na 14 na mshale kwenda 33. Sikuandika 14 siku hiyo. Chini yake 15 na 34. Pembeni mwa "nusu siku", 29 kwenda 35. Na ya mwisho, pale pale ninaposema sitarudia, 30 kwenda 11. Nne. Aliandika taratibu, herufi zimenyooka. Nilizitazama sana nione kama alikuwa amekasirika. Hakukasirika, Agneta. Alikuwa anatafuta mahali pa kuandikia tu.

Mwezi wa nane nilikuandikia kwamba sijui nilijuaje nilipomwona Wekoye anakuja na simu. Sasa najua nilijuaje. Mimi ndiye niliyesema simu hiyo isilie kwa jambo lingine.

Nilichomea nne hizo jioni ile ile. Mikono niliifunga kwa kitambaa kwenye ukingo wa meza nikabakiza vidole. Jana Festus alikuja na kompyuta. Tulitia umeme, taa ikawaka. Akaiita. Sekunde moja. Halafu ukaja mstari mmoja kwenye kioo, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Festus hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, imejibu." Nikamwambia iite tena. Akaita, ikajibu. Nilimwambia aiite tena mpaka akaniangalia. Akanionyesha kile cha kubonyeza, akaniachia kiti, akatoka nje kuvuta sigara. Nilikaa hapo nikiita. Kila nilipoita ilijibu.

Leo saa nne asubuhi nilitoka kwenye mtaro nikaenda kwa Wekoye nikamwomba simu. Aliniuliza nimefiwa tena. Nikamwambia hapana, nataka kuongea na mke wangu. Nilijua atanikata nusu siku, akate. Nilipiga dukani kwa Kimotho, wakatuma mtu kumwita, nikangoja. Nilimsikia anavyokuja mbio, viatu vinagonga sakafu. Alishika simu, hakusalimu, hakuuliza ni nani. Alisema, "Nani amekufa?"

Akauliza tena, sauti imeanza kupasuka, na nikasikia Kimotho anamwambia mtu alete kiti. Ndipo nikasema, "Hakuna, Mama Kagwe. Nimepiga tu."

Alilia pale dukani mbele ya watu, nami nikalia hapa mbele ya nyapara, mpaka simu ikakatika yenyewe.

Nimefuta jina langu kwa watu wa Garissa. Jumamosi nakuja Kibomet na bodi, na ile karatasi nairudisha kwenye Biblia yake. Kwenye ukuta wa jikoni, chini ya namba ya Wekoye, nitaandika kwa mkaa kwamba simu hii ipigwe wakati wowote. Najua nimechelewa. Lakini nataka iandikwe, na mwandiko ni ule ule.

Ni mimi,
Baba Kagwe